Usiku wa Karisi: Habari za Mikesha ya Walikale na Masisi

Katika habari zinazoandikwa siku hizi juu ya Masisi na Walikale, wilaya mbili zinazopakana magharibi ya mji wa Goma katika Kivu ya Kaskazini, usiku hutajwa kwa jambo moja tu, nalo ni hofu: saa ya kuvamiwa, saa ya kukimbia na mtoto mgongoni, saa ambayo mwenye nyumba huzima moto wake asionekane. Sikanushi hata neno moja la habari hizo, kwa maana ni za kweli. Lakini nchi haianzi siku ilipofikiwa na msiba, na watu waliokaa katika misitu na vilima hivyo kizazi baada ya kizazi walikuwa na usiku wa namna nyingine, wenye ada zake, wenye mabingwa wake, wenye kinywaji chake na adabu ya kukinywa. Usiku ambao starehe yake kubwa ilikuwa kusikiliza. Habari za usiku huo ndizo ninazokusudia kuzieleza, kwa sababu naamini kuwa utulivu wa usiku hutengenezwa na watu, kwa kanuni na kwa jitihada, na kwamba waliojua kuutengeneza wanastahili kutajwa kwa ufundi wao kama watajwavyo wahunzi na waganga.

Nchi yenyewe inaeleza sehemu ya ada hizo. Msafiri atokaye Sake hupanda vilima vya Masisi, vingine vikipita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo ukungu hushuka mapema na baridi humlazimu kila mtu kuutafuta moto. Akiendelea kwenda magharibi ardhi huinama, hewa huwa nzito, na malisho hukoma mbele ya msitu mkubwa wa Walikale, wilaya yenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 23,000, inayokatwa na mto Lowa na vijito vyake visivyohesabika. Wenyeji wa kale wa vilima ni Wahunde. Wa msitu ni Wanyanga, na kandokando yao Wakumu, Wakano na Watembo. Na kabla yao wote walikuwapo Watwa, wawindaji ambao Wanyanga waliwakuta msituni walipofika, kama mapokeo yao yasemavyo, kutoka upande wa mashariki ambao leo ni Uganda. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Ubelgiji aliyekaa miongoni mwa Wanyanga katika miaka ya 1950, aliwakadiria kuwa watu wapatao 27,000 tu. Katika nchi hiyo iliyo karibu na Ikweta usiku hauongezeki wala haupungui: jua hutua upesi, na giza hukaa muda wa saa kumi na mbili, Januari kama Julai. Hakuna mwanadamu awezaye kulala muda wote huo. Watu wasiokuwa na jawabu la saa hizo wangaliishi nusu ya umri wao katika uchovu na dhana mbaya, na mimi huziona fasihi za Wanyanga kuwa ni jawabu hilo, tena jawabu tukufu.

Mji wa Kinyanga wa zamani ulikuwa kitongoji cha jamaa, nyumba chache juu ya mgongo wa kilima, migomba nyuma ya nyumba na msitu nyuma ya migomba. Mlikuwa na nyumba ya wanaume ambamo wawindaji waliweka mitego na mikuki yao, mbwa wakalala mlangoni na kengele zao za mbao shingoni, na mgeni akapokelewa kabla ya kuulizwa haja yake. Jioni, wanawake waliporudi mashambani na chakula kilipokwisha kuliwa, kila moto ulikuwa na watu wake. Watoto walitegana vitendawili. Mabibi walisimulia hadithi za kobe, chui na majitu ya msituni. Wazee walikatiza kwa methali pale kijana aliposema kwa pupa. Hayo yalikuwa ya kila siku, na karibu kila taifa la Afrika lina mfano wake. Lakini palikuwa na usiku uliokuwa bora kuliko mwingine, nao ulitangulia kuandaliwa kwa siku kadha, kwa kuwa pombe ya ndizi haipatikani kwa amri.

Ndizi zilizokomaa huzikwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa joto la moto, mpaka ziive zote kwa pamoja. Humenywa, hupondwa pamoja na nyasi laini hata utomvu wake mtamu utengane na nyama ya tunda. Huchujwa, na penye mtama hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunikwa na kuachwa ichachuke kwa usiku mmoja au miwili. Ndiyo kasiksi ijulikanayo katika Kivu yote. Huwezi kuiharakisha, wala huwezi kuiweka akiba muda mrefu, kwani siku chache zikipita huwa siki; kwa hiyo mwenye kuipika huwaalika watu kwa siku maalumu, na waalikwa hufika kwa siku hiyo. Nadhani wengi tunaonunua kinywaji katika chupa wakati wowote tupendao hatukumbuki kwamba hapo kale kinywaji chenyewe ndicho kilichopanga kalenda ya mikutano, na kwamba mpango huo uliwapa watu muda wa kutamani kuonana.

Katika usiku wa namna hiyo, mji wa mtemi au wa mtu mwenye cheo ulimwita Shekarisi. Huyu alikuwa mtambaji wa karisi, yaani utambo mrefu wa shujaa, na Karisi ni jina pia la roho ambayo Wanyanga waliamini kuwa ndiyo iliyomtaka mtambaji aimbe, na kwamba kuimba kwake kulikuwa kinga yake ya maradhi. Yeye alikuwa mwindaji na mkulima kama wenzake, bila mshahara wala kasri. Alisimama katikati ya watu na njuga miguuni na manyanga ya kibuyu mkononi, akicheza, akiigiza, akisema mara kwa ulimi wa msimulizi na mara kwa ulimi wa shujaa mwenyewe kana kwamba ndiye. Ngoma kubwa haikuwa na nafasi hapo. Palilazwa chini fimbo ngumu juu ya vijiti vichache vikavu, ipate kuinuka kidogo kutoka ardhini na kutoa mlio, na vijana wachache walipiga magoti kando yake wakiigonga kwa vijiti, mkono wa kulia na wa kushoto. Mlio wake ni mkavu, wa juu, usioifunika sauti ya mtu. Mtambaji alipopumua, vijana hao walirudia neno lake la mwisho au waliitikia kiitikio cha wimbo, nao katika kuitikia ndimo walimojifunza, kwa kuwa chuo cha karisi kilikuwa ni huko kupiga magoti. Wasikilizaji walimtunza kwa vitu vidogo: shanga, au pesa za kale za butea, ambazo zilikuwa vikuku vya nyuzi za mwale, na walimtunza zaidi kwa sifa. Katikati ya sehemu na sehemu watu walikula, wakanywa, wakazungumza juu ya yaliyosemwa.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyeusikia utambo mzima kwa mfululizo. Ada ilikuwa kuchagua sehemu moja au mbili kwa usiku mmoja, na watu waliozijua sehemu nyingine waliziunganisha vichwani mwao. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, Biebuyck alikutana na mtambaji aliyeitwa Candi Rureke, akamwomba atambe karisi ya Mwindo kutoka mwanzo hata mwisho, jambo ambalo Rureke, kwa kauli yake mwenyewe, hakuwa amelifanya hata siku moja. Alikubali. Kwa muda wa siku kumi na mbili aliimba, alisimulia, alicheza na kuigiza, ilhali Biebuyck na wasaidizi wake wawili, Amato Buuni na Stephano Tubi, wakiandika kwa mkono kila lililotoka kinywani mwake, hata sauti ya mmoja na mikono ya watatu ikachoka kabisa. Utambo huo ulichapishwa mwaka 1969 huko California, kwa Kinyanga na Kiingereza, na jina la pili katika jalada la kitabu, baada ya la Biebuyck, ni la Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe na mwanaisimu, ambaye baadaye aliiongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala.

Ni hadithi gani hiyo iliyowatosha watu usiku baada ya usiku? Mtemi wa mji wa Tubondo, Shemwindo, aliwaamuru wake zake saba wazae mabinti tu, asije akapata mtoto wa kiume wa kumrithi. Mke wa saba akamzaa Mwindo, aliyetoka akicheka, akisema na kutembea, na katika mkono wake usinga uitwao conga, ambao ndio nguvu yake. Baba akamrushia mikuki, akamzika, akamtia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto akaokoka katika yote, akaenda kwa shangazi yake Iyangura, mke wa nyoka wa majini, akarudi na wajomba zake kuupiga mji wa baba, na baba alipokimbia chini ya ardhi akamfuata hata huko, akishindana na wenye kuzimu kwa kazi na kwa mchezo wa bahati. Mpaka hapa msomaji atasema: ni shujaa kama mashujaa wote. Tena ni mwenye majivuno makubwa, kwani hapiti mahali asijisifu. Lakini Mwindo hamwui baba yake. Humrudisha, huwafufua watu wa Tubondo, na katika mkutano mkubwa shangazi Iyangura ndiye anayesimama na kusema haki, baba akikiri mbele ya watu alilolitenda kwa wivu, na nchi ikagawanywa kati ya baba na mwana.

Kisha huja sehemu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo moyo wa karisi. Mwindo, sasa akiwa mtemi, analiua joka Kirimu, naye Nkuba, mwenye radi, aliyekuwa amefanya udugu na Kirimu, humshukia na kumchukua juu mbinguni. Huko hukaa mwaka mzima. Hapigwi vita. Mvua humnyea, mwezi humkemea, jua humchoma, nyota humwonya, na yeye aliyejisifu mbele ya kila kiumbe hana la kujibu. Anaporudishwa duniani amekatazwa kuua mnyama, hata mdudu aliye mdogo, na sheria anazowapa watu wake nyingi ni za nyumbani: walime vyakula vingi, wakae katika nyumba nzuri, waache ugomvi, wasitamani wake za watu, wasimcheke kilema apitaye kijijini. Hebu fikiri maneno hayo yakisemwa usiku, msituni, mbele ya mtemi mwenye mji aliyekaa na kibuyu chake mkononi, na mtambaji ambaye kesho atakuwa raia wake tena. Hakuna aliyenyanyua sauti dhidi ya mtawala. Lakini mtawala amesikia, pamoja na watoto na wageni, kwamba nguvu isiyojifunza kunyamaza hufundishwa kwa baridi na jua.

Mwenye kusoma tarehe za mataifa mengine atakumbuka habari za Japani. Katika mji wa kale wa Kyoto vipofu waliokuwa na ala ya nyuzi iitwayo biwa walikuwa wakitamba habari za kuanguka kwa ukoo wa Heike, nao pia walitamba sehemu kwa sehemu, na somo lao pia lilikuwa kwamba mwenye kujivuna hadumu. Na mwaka 1371 bingwa wao Kakuichi, alipoona mwisho wake u karibu, aliwapa wanafunzi wake maneno yote yaandikwe. Kutoka Kakuichi hata Rureke ni miaka 585, na kati ya Kyoto na Bese hapakuwa na njia wala barua, lakini kazi ni ile ile. Na katika pwani yetu, Muhammad Kijumwa wa Lamu aliziandika habari za shujaa Fumo Liyongo katika utenzi wake wa mwaka 1913. Tofauti iliyopo, nayo inaniuma, ni kwamba Kyoto ililinda mitaa yake na taa zake, ikawapa wageni wa leo nafasi ya kutembea usiku kwa amani mahali walipotembea watambaji. Bese haikupewa nafasi hiyo.

Usiku wa Walikale ulianza kuingiliwa mapema. Katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa misafara ya pembe na watumwa kutoka Maniema ilifika na bunduki zake katika misitu hiyo, ikiacha nyuma yake vilio na pia lugha hii ya Kiswahili ambayo leo watu wa huko husemeshana sokoni na kanisani. Baadaye Wabelgiji walivikusanya vitongoji kando ya barabara ili watu wahesabike na walipe kodi, na kitongoji kilichoshuka kutoka kilimani kilishuka bila ya upweke wake, ambao ulikuwa sehemu ya mkesha. Mwaka 1944, wafuasi wa dini ya Kitawala wakiongozwa na Bushiri Lungundu waliinuka kati ya Masisi na Lubutu. Serikali iliwazima kwa ukali mno, na si ajabu kwamba baada ya hapo mkutano wowote wa usiku ulitazamwa kwa jicho la shaka. Migodi ya bati iliwachukua vijana waliokuwa wapige magoti kando ya ile fimbo.

Masisi ilipata badiliko la namna nyingine. Tangu 1937 hata 1955 serikali ya Kibelgiji iliwahamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka katika vilima hivyo, hasa Gishari, bila ya kuwasikiliza vya kutosha Wahunde wenye ardhi. Na dhuluma hiyo, ambayo haikuwa ya wahamiaji wala ya wenyeji, imelipwa na watoto wa pande zote mbili. Lakini hao waliokuja walikuja na usiku wao pia, uitwao igitaramo: jamaa na majirani kukaa pamoja baada ya chakula, pombe ya ndizi ikizunguka, vitendawili, sifa za ng'ombe, na inanga, ala ya nyuzi iliyochongwa katika ubao mmoja, ambayo sauti yake ni ndogo. Mtu wa Kihunde aliyepita nje ya nyumba hiyo asingeshindwa kuelewa kinachofanyika ndani, hata kama hajui neno moja. Juu ya nyumba zote, upande wa mashariki, miali ya volkano ya Nyiragongo iliyapaka mawingu wekundu, na Wanyanga walikuwa wamekwisha kusema zamani kwamba katika milima hiyo ndimo akaamo Nyamurairi, mwenye moto. Wote waliutazama wekundu ule ule.

Ndiyo maana nasema kwamba vita vilivyoanza mwezi wa Machi 1993 katika soko la Ntoto, Walikale, na kuenea Masisi yote, viliharibu kitu ambacho hakiandikwi katika hesabu za nyumba zilizochomwa. Watu waliokuwa na ada moja ya jioni katika lugha mbili tatu walifundishwa kuogopana gizani. Vikundi vya silaha vikaongezeka. Bati ya Bisie, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikavipa sababu ya kukaa. Kuanzia usiku wa tarehe 30 Julai 2010, kwa muda wa siku nne, katika Luvungi na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 300, wengi wao wanawake, walitendwa unyama ambao sitauandika. Mwezi wa Machi 2025 mji wa Walikale wenyewe uliingiwa na vita. Ulevi wa muziki wa kelele, au simu, au uvivu wa vijana, mambo ambayo wazee hupenda kuyalaumu, hayakuwa sababu ya mikesha kukoma. Moto uliozimwa kwa hofu hauwezi kukaliwa na watu, na mtambaji hawezi kuigiza sauti ya radi mahali ambapo kila sauti huwafanya wasikilizaji wainuke wakimbie.

Hata hivyo kusikiliza hakukufa. Tangu Februari 2002 Redio Okapi imekuwa ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, na katika nyumba nyingi za Kivu redio ndogo ya betri huwekwa katikati ya watu jioni, wakubwa wakiwanyamazisha wadogo, kama ilivyokuwa desturi. Huanza na habari za njia zilizo salama na zisizo salama. Baada ya hizo watu huendelea kukaa.

Karisi iliyoandikwa ipo. Mbali na ile ya Rureke, Biebuyck alichapisha mwaka 1978 nyingine tatu alizozichukua kwa watambaji wengine, na hazifanani: katika moja shujaa ana dada pacha, na mambo humwendea tofauti kabisa. Mateene na Biebuyck walitoa pia, mwaka 1970, mkusanyiko wa hadithi, methali na vitendawili vya Kinyanga. Vitabu hivyo hukaa katika maktaba za vyuo vya Ulaya na Marekani, na hapo ni salama. Walakini havikutungwa kwa ajili ya rafu. Natamani sana vipatikane Walikale na Masisi, kwa Kinyanga na kwa Kiswahili, katika shule na katika kambi za waliokimbia makwao. Na kama kituo chochote cha redio cha huko kitakubali, basi Mwindo asomwe hewani saa mbili ya usiku, na msomaji mzuri wa Kinyanga, na vijana wawili watatu wenye fimbo na vijiti vyao, sehemu moja kwa jioni moja na si zaidi, kama Rureke mwenyewe alivyokuwa akifanya kabla hajaombwa kuitamba yote.